Lisiti Yangu na Wale wa Dirishani

Wanangu, mkitaka kujua oditwari ina watu wangapi, msihesabu vichwa. Hesabuni miguu. Vichwa vinadanganya. Kimoja kimelala juu ya daftari, kingine kimejificha nyuma ya mgongo wa jirani, na pale unapodhani ni mtu, kumbe ni koti lililotundikwa kwenye kiti kumlindia rafiki nafasi. Lakini ukiinama mlangoni ukatazama chini ya viti, miguu yote iko pale. Unahesabu, unagawanya kwa mbili. Katika miaka ishirini na minane ya kazi nilipata hesabu isiyogawanyika mara moja tu, na huyo alikuwa msichana aliyekalia mguu wake mmoja kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita.

Mimi ni Mama Feza. Wazazi wangu walitoka upande wa Maniema, baba akafungua duka la vitambaa hapa Likasi, nami nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, nikaolewa hapa. Kazi yangu ilikuwa apariteri wa chuo kikuu. Kwa wasioijua kazi hiyo, apariteri ndiye anayefungua ukumbi mkubwa wa kozi, ule tunaouita oditwari. Ndiye anayefuta ubao, anayeleta chaki, anayebandika matangazo, na zaidi ya yote ndiye anayeshika lisiti ya wanafunzi waliokuja. Profeseri anajua kemia, au sheria, au uchumi. Apariteri anajua nani hayupo.

Angalau ndivyo nilivyodhani kwa muda mrefu. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnaojiuliza kila asubuhi kama muende kozi au mjifunike tena blanketi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kitenge. Kabla ya kuja chuoni alikuwa anaandika wafanyakazi wanaoingia zamu kiwandani, na kwake yeye mwanafunzi na mtu wa tanuru walikuwa kitu kimoja. Mtu yuko au hayuko, basi. Alinifundisha kuvunja chaki vipande viwili kabla ya kozi, maana chaki ndefu inalia ubaoni na watu wanashika masikio. Alinifundisha kwamba mvua ikipiga mabati saa mbili asubuhi, hata wanafunzi mia tatu wakija hakuna atakayesikia neno, kwa hiyo siku hiyo mletee profeseri chaki mara mbili ya kawaida, ataandika tu. Na alinifundisha kusoma saini. Lisiti ikizunguka toka safu ya kwanza mpaka ya mwisho, akaniambia, weye angalia wino. Ukiona majina matano yenye wino mmoja wa kijani, na herufi R zote zina mkia ule ule kama mkia wa panya, ujue mkono ni mmoja, na wanne kati yao bado wako kitandani.

Sikumwamini mpaka nilipoona mwenyewe. Miaka mingi baadaye, katika ile kozi ya kemia nitakayowaeleza, niliacha kuzungusha karatasi nikaanza kuita majina kwa sauti, nikidhani sasa nimewaweza. Siku ya kwanza kijana mmoja aliitika "présent" kwa jina lake kwa sauti yake. Kwa jina la rafiki yake Serge aliitika kwa sauti nzito, kama mzee wa kanisa. Kisha nikaita jina la Georgette, akaitika kwa sauti nyembamba ya kike. Tatizo ni kwamba Georgette mwenyewe alikuwemo, naye akaitika.

Nikasema, "Tuko na ba-Georgette babili leo. Basimame bote."

Georgette akasimama. Yule kijana akabaki ameangalia dari kama anayehesabu mabati. Oditwari nzima ilicheka mpaka profeseri akalazimika kukaa. Nilimwandika Georgette, nikamfuta kijana, lakini katika kucheka kule nikasahau kumfuta Serge. Mnaona? Hata ukishika mwizi mmoja, wa pili anapita.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka miwili kabla sijastaafu, tulikuwa na kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi wa idara kadhaa walichanganywa pamoja. Walikaribia mia nne, na viti vilikuwa vya watu mia mbili na hamsini, ukihesabu vile vilivyovunjika mguu. Aliyefundisha alikuwa Profeseri Kabamba, mtu mrefu, mkavu, anayependa mambo yanyooke. Alitoka Lubumbashi kila Jumanne na kila Ijumaa alfajiri, na saa mbili kamili alikuwa mbele ya ubao, vumbi la barabara likiwa bado kwenye viatu.

Wiki za kwanza watu walijaa mpaka ngazini. Wengine walikuja na viti vya plastiki kutoka nyumbani, wamevibeba kichwani. Kisha, kama kila mwaka, wakaanza kupungua. Ijumaa moja profeseri alishika lisiti iliyojaa alama za walioitika, akaangalia ukumbi ambao nusu yake ilikuwa mbao tupu, akaniita pembeni.

"Mama Feza, ni minye naona mubaya, ama ni lisiti?"

Niliona aibu. Yeye akageuka akawatangazia kwamba anayekosa zaidi ya mara tatu hatafanya mtihani. Mimi nikaenda nyumbani nikiwa na hasira, nikatengeneza utaratibu wangu. Tangu Jumanne iliyofuata, saa mbili kamili nilifunga mlango kwa ufunguo, nikautia mfukoni, nikaita majina yote, mtu asimame nimwone uso. Serge alikuwa na binamu aliyefanana naye sana, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Nilijivuna, siwafichi. Katibu wa masomo alinisifu mbele ya wenzangu, akasema kama apariteri wote wangekuwa hivi, chuo kingekuwa na nidhamu. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa kitenge kipya.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Oditwari yetu ina madirisha marefu upande wa baraza ya nyuma, na vioo vingi vilikuwa vimeshatoka. Kila siku ya kemia nilikuwa naona watu wamesimama pale nje, vijana na wasichana, madaftari juu ya saruji ya dirisha, shingo zimeingia ndani. Niliwaona ni wachelewaji wanaoleta fujo. Jumanne moja nilizunguka nikawafukuza.

"Kama hamuwezi kuamka mapema," nikawaambia, "muende muuzishe vitumbua ku soko."

Wakatawanyika. Nikarudi ndani na haraka zangu, nikajikwaa kwenye jukwaa, na boksi zima la chaki likamwagika miguuni pa profeseri. Akaangalia chini, akasema bila kutabasamu, "Muandike. Hiyo njo tunaita précipité." Alikuwa amewaeleza asubuhi hiyo hiyo kwamba précipité ni kitu kigumu kinachojitokeza ndani ya maji na kuanguka chini. Walicheka. Nami nilicheka huku nikiokota.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya mtihani, nilipeleka majina thelathini na moja ya waliovuka kipimo. Profeseri akayatia saini, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo, ule sisi tunauita valvu. Niliyabandika yamenyooka vizuri sana.

Kesho yake mchana msichana alibisha mlango wa ofisi yangu. Mwembamba, viatu vyeupe kwa vumbi la chokaa.

"Bonjour, Mama. Jina yangu iko ku valvu."

"Weye ni nani?"

"Astrid Monga. Natoka Kakontwe."

Nikafungua lisiti, nikatembeza kidole. "Ulikosa mara kumi na moja."

"Sikukosa hata mara moja, Mama."

Wote husema hivyo. Nimesikia bibi mmoja akizikwa mara tatu katika muhula mmoja. Nikamwambia kwamba lisiti ni lisiti, aende. Hakulia, hakupandisha sauti. Alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka mezani mbele yangu.

"Daftari mutu anaweza kukopi kwa mwenzake," nikasema.

"Ni kweli. Lakini muifungue pa ile siku muliangusha chaki."

Nilifungua. Mwandiko mdogo, umebanana, kila ukurasa mpaka pembeni. Nilipofika kwenye somo lile la précipité nikaona kwenye ukingo ameandika kwa penseli: *Mama F. ametufukuza ku dirisha.* Chini yake: *Nimerudi.* Na chini yake tena: *Mama F. ameangusha chaki. Prof anasema ni précipité.*

Nililisoma lile neno "Nimerudi" mara mbili au tatu.

"Kwa nini hukuingia?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ile ya mwanzo.

Akanieleza taratibu. Asubuhi anaanza kwa kuchota maji, kwa sababu bomba la mtaa wao linatoa maji mapema tu na mama yake mgongo unamuuma. Kisha anatembea mpaka barabara kubwa, akipata pikipiki anapanda, asipopata anatembea. Anafika saa mbili na robo, saa mbili na dakika ishirini. Mwanzoni alikuwa anapenya nyuma na kusimama. Tangu nilipoanza kufunga mlango, alikuwa anakwenda dirishani. Hata siku ya mvua alisimama pale, akiwa amefunika daftari kwa ule mfuko wa plastiki.

"Na hukuniambia?"

"Nilisema, Mama. Siku ya kwanza. Mulisema saa ni saa."

Sikukumbuka. Pengine nilisema kweli, ni maneno yangu hayo. Nikamwomba aniachie daftari mpaka Ijumaa. Alisita kidogo, maana mtihani ulikuwa karibu na hakuwa na lingine, halafu akaniachia.

Mtasema, jambo lilikuwa rahisi, ungefuta jina. Wanangu, halikuwa rahisi. Ile lisiti ilikuwa na saini yangu chini ya kila ukurasa. Nikisema jina moja ni kosa, watauliza mengine thelathini je. Nami niliyesifiwa mbele ya wenzangu nitasimama mbele ya wenzangu hao hao niseme kwamba nilikuwa nafungia nje watu waliokuja kusoma. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili. Nilitaka kumaliza vizuri.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda Shituru kumtembelea Papa Kitenge. Alikuwa amestaafu zamani, anakaa na mwanawe, macho yamepungua lakini masikio mazima. Nilimweleza yote. Alisugua magoti.

"Kazi yangu ya zamani," akasema, "siku moja niliandika mutu mumoja hayuko. Alikuwa ndani ya tanki anasafisha. Sikuinama kuangalia. Bakamupa adhabu. Nilijua kesho yake, na niliogopa kufuta."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Alikuwa ananisalimia kila siku, mpaka alihama. Angenitukana ingekuwa muzuri." Akanishika mkono. "Enda ufute, Feza."

Ijumaa nilifika kabla ya saa moja. Nilisimama mahali ambapo profeseri huacha gari. Aliposhuka nilimsalimia, nikamwambia kwamba nina kosa la kumweleza kabla hajaingia.

"Semeni, Mama."

"Kuko jina mu lisiti yangu ya mutoto alikuya kila siku. Minye njo nilimufungia mulango."

Uso wake haukubadilika. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikampa daftari. Alianza kulipekua akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayetafuta kosa. Kisha akapunguza mwendo. Kisha akaweka mkoba wake juu ya gari. Nikaona amefika ukurasa mmoja na hatoki hapo. Nilichungulia. Kulikuwa na mstari wa herufi na tarakimu, na pembeni, kwa penseli: *Prof ameandika 2. Naona ni 3. Sina wa kuuliza, niko inje.*

Profeseri alitoa kalamu, akahesabu kitu kwenye kiganja chake. Akahesabu tena.

"Ni tatu," akasema.



"Mama Feza, hii equation niliandika wiki tatu zimepita. Bantu mia na zaidi bakaikopi. Hakuna aliyenyoosha mukono." Akafunga daftari. "Mumoja tu aliona, na huyo tulimuacha inje. Lisiti muitoshe ku valvu. Bote batafanya mtihani. Na ule ufunguo musiweke tena mu mufuko."

Kisha, akiwa ameshachukua mkoba wake, akageuka. "Na wale hawako ndani, hawako dirishani? Bako wapi? Muende mubaulize. Si kwa kubapiga. Mubaulize tu."

Hiyo ndiyo wiki niliyojifunza kazi yangu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuifanya. Nilichukua yale majina thelathini na moja, na mengine ambayo nilikuwa nayashuku, nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja.

Kulikuwa na ndugu wawili waliotoka Mulungwishi, wamepanga chumba kimoja. Walikuwa na viatu vya heshima jozi moja. Mkubwa alikuja Jumanne, mdogo Ijumaa, na kila jioni aliyekwenda alimfundisha aliyebaki. Kwenye lisiti yangu walikuwa wavivu wawili. Mimi nadhani hakuna mtu katika chuo kile aliyesoma kemia kama hao, maana kila mmoja wao alilazimika kuielewa vya kutosha kumweleza mwingine.

Kulikuwa na msichana aliyeacha kuja tangu kipaza sauti kilipokufa. Alikuwa anakaa nyuma kabisa. "Mama," akaniambia, "nilikuwa naangalia tu kinywa ya Prof, kama filimu yenye hawakutia sauti." Nilikuwa najua kipaza sauti kimekufa. Nilikuwa nimeandika barua moja juu yake, nikaona nimemaliza kazi.

Kulikuwa na mmoja aliyesema ukweli mtupu. "Ni usingizi, Mama. Hakuna kitu kingine." Nilimheshimu kwa hilo.

Na kwa sababu nilishaanza kuuliza, niliwauliza pia wale wanaokuja. Msidhani wote walikuja kwa kupenda kemia. Mmoja alikuja kwa kuwa nyumbani wako watoto tisa na oditwari ndiyo mahali pekee palipotulia, akiweza anasikiliza, akishindwa analala. Mwingine alikuja kwa ajili ya Georgette. Alikaa nyuma yake muhula mzima, na kwa kuwa aliona haya kumsemesha, alikuwa hana la kufanya ila kusikiliza kozi. Huyo alipata alama nzuri kuliko Georgette.

Serge nilimkuta karibu na soko, kwenye meza yake ya kutengeneza simu, bisibisi ndogo mdomoni. Aliponiona alitaka kusimama akimbie, halafu akaona simu ya mteja iko wazi mezani, akabaki.

"Mama Feza, munisamehe. Yule ni binamu yangu."

"Sikukuya kwa ile. Niambie tu juu ya nini haukuyake kozi."

Akaangalia kama namtega. Kisha akasema kwa heshima, "Mama, ile kozi yote iko mu siliabusi. Profeseri anasimama, anafungua siliabusi, anasoma. Na minye najua kusoma." Akavuta kitabu hicho cha maelezo ya kozi chini ya meza, kimejaa mafuta ya vidole. Alikuwa amekisoma chote, mara mbili, katikati ya simu za watu. Nikafungua popote nikamuuliza, akajibu bila kutazama.

Nikaenda kumpa profeseri habari hizo Jumanne baada ya kozi. Nilimpa zote, za viatu, za kipaza sauti, za usingizi. Ile ya Serge niliiweka mwisho, nikataka kuipunguza makali, nikashindwa, nikaisema kama ilivyo. Alikaa kwenye kiti cha safu ya mbele, kile ambacho maprofeseri hawakikalii. Niliona kwamba imemchoma. Alikuwa mtu wa kuamka usiku wa manane ili asichelewe Likasi, na kumbe kijana wa simu anaona angeweza kubaki Lubumbashi na kutuma kitabu.

"Ni kweli nasoma," akasema baadaye. "Zamani sikukuwa nasoma. Zamani tulikuwa na laboratwari." Kisha akauliza, "Yule mutoto wa Kakontwe, baba yake anafanya kazi gani?"

"Anachoma mawe ya chokaa."

"Mumwambie Ijumaa alete kipande."

Kabla sijawaeleza hiyo Ijumaa, niwape matokeo, msije mkadhani mambo yote yalikwenda kama sukari. Astrid alipata tisa juu ya ishirini. Alikosa alama moja, kwa sababu alikuwa amesoma kwa kusimama na wiki nyingi hakuweza kuuliza kitu. Alirudi kipindi cha pili cha mtihani, akapita, na leo anapima maji katika laboratwari. Serge alipata kumi na nne, ingawa alihudhuria kozi moja tu, ya Ijumaa hiyo. Sitawadanganya juu ya hilo. Ndugu wa Mulungwishi walipita wote wawili, wakaja kunisalimia wakiwa pamoja, na kila mmoja ana viatu vyake. Yule wa usingizi alianguka, akarudia mwaka, naye sasa ananiamkia sokoni kila tukikutana. Na katibu wa masomo hakunifukuza, ila hakunisifu tena, nami nilizoea.

Ile Ijumaa, basi. Ilikuwa kozi ya mwisho kabla ya mtihani. Paroko wa karibu alituazima kipaza sauti chake cha mkononi, kile cha kuongozea maandamano ya sikukuu. Mlango niliufungua, nikauegemeza jiwe usijifunge. Walioingia saa mbili na robo waliingia, wakaketi. Wale wa dirishani walikuwa ndani, isipokuwa wawili waliosema wamezoea kule, kuna hewa, nikawaacha. Binamu ya Serge alikuja na Serge mwenyewe, na walipokaa pamoja ndipo nilipoona jinsi nilivyochezewa.

Kwa maagizo ya profeseri, Astrid alikuwa amelowesha kipande cha chokaa iliyochomwa katika maji mengi tangu jana yake, akaacha itulie, akamimina yale ya juu, maangavu kabisa kama ya kunywa, ndani ya chupa ya kioo. Profeseri aliiweka mezani. Siliabusi haikuwepo. Akatoa kalamu iliyokwisha wino, akachomoa mrija wake, akabaki na lile bomba tupu la nje.

"Nataka mutu wa kupuliza ndani ya hii maji," akasema.

Hakuna aliyesimama. Mwaka wa kwanza wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa mtihani. Profeseri akaangalia huku na huku, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa kando ya ubao na sifongo yangu.

"Mama Feza, muko na pumzi?"

Nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Nikashika bomba, nikalitia ndani ya maji, nikapuliza. Mapovu yakapanda. Mwanzoni hakikutokea kitu na nikasikia wa nyuma wanaanza kucheka. Kisha maji yakawa kama yana moshi, kisha kama yametiwa maziwa, na kucheka kukaisha. Watu wa safu za nyuma walisimama, wengine juu ya viti.

"Mwenye alisoma siliabusi anieleze," profeseri akasema ndani ya kile kipaza sauti cha paroko.

Serge akasimama, akataja equation yote kwa kichwa. Pumzi inaleta gesi, gesi inakutana na chokaa, inarudi kuwa jiwe.

"Jiwe gani?"

Serge akatazama chupa. Akajibu Astrid, bila kunyoosha mkono. "Ile ya Kakontwe, Prof. Ile ile baba alichoma. Imerudia vile ilikuwa."

Nilikuwa nimefuta equation ile kwenye ubao ule kila mwaka, kwa miaka ishirini na sita, na sikuwa nimejua kwamba inazungumza juu ya vumbi lililoko kwenye viatu vya watu wa mji wangu. Nilitazama maji meupe mikononi mwangu. Na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, mara ya kwanza katika maisha yangu ndani ya oditwari ile.

"Profeseri, na kama naendelea kupuliza?"

Aliniangalia. Serge akafungua mdomo kutaka kujibu, profeseri akamzuia kwa mkono.

"Mupulize, Mama," akasema. "Tuone."

Nikapuliza. Nilipuliza mpaka masikio yakavuma, nikapumzika, nikapuliza tena. Wanafunzi walishuka ngazi wakazunguka meza, mbele yangu, nyuma yangu, bega kwa bega. Mmoja alinishikia chupa ili nisichoke. Ndipo Astrid akainama karibu na kioo, akasema polepole, "Inaanza kusafika."

Kweli maji yalikuwa yanarudi kuwa maangavu kama ya kunywa, lile jiwe likiyeyuka tena kwa pumzi yangu, kuanzia juu, taratibu. Siku hiyo sikuita majina.